Kaunta ya polisi Dar: huduma ikoje kwa mgeni, kiziwi na wengineo?

Sheria yenyewe haina neno. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumbagua mtu kwa rangi, kabila, dini au mahali alipotoka, awe Mhindi wa Upanga, Mchina wa Kariakoo au Mmakonde wa Mbagala. Mtihani uko kaunta.

Na kaunta, kinachoangusha watu zaidi ni lugha. Maelezo huandikwa na askari, kwa Kiswahili. Asiyekijua hutafsiriwa na yeyote aliye karibu: dereva wake, au mfanyakazi wa dukani ambaye huenda ni ndugu wa mtuhumiwa. "Alinisukuma" inageuka "alinipiga", na siku ya kesi shahidi anayakana maelezo yake mwenyewe. Sheria inataka asomewe kwa lugha anayoielewa kabla ya kusaini. Basi njoo na mkalimani asiye na maslahi, jina lake liandikwe humo, na usisaini usichosomewa. Kiziwi ana kazi zaidi: anapewa karatasi aandike, kana kwamba kila kiziwi amesoma.

Alama za juu tunalipa Dawati la Jinsia na Watoto, maana hapo mtu husikilizwa faragha. Aliyebakwa asioge. Nguo zitiwe kwenye bahasha ya kaki. Nailoni hutunza unyevu, na unyevu huharibu ushahidi. Achukue PF3 (fomu ya polisi ya kupeleka hospitali), ila asikawie, kwani dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72. Aliye mahututi atangulie hospitali, PF3 ndugu wataifuata. Udhaifu wa dawati ni usiku: askari wake asipokuwa zamu, unarudishwa kaunta kusimulia mbele ya foleni nzima.

RB (namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi) ni bure, dhamana ni bure. (Ukiambiwa karatasi zimekwisha, nunua karatasi, usinunue RB.)

Raia wa nje akikamatwa ana haki ubalozi wake ujulishwe, kwa Mkataba wa Vienna wa 1963. Aombe mwenyewe, asingoje kukumbushwa.

Ukibaguliwa, anza kwa mkuu wa kituo, halafu OCD (mkuu wa polisi wa wilaya). Wakinyamaza, peleka Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Barua iwe na namba ya RB, tarehe, saa, na jina au namba ya askari. Lalamiko la "askari mmoja mrefu, mweusi" halifiki mbali.