TAHADHARI: Jamaa anayeuza "hela za Mjerumani za Tabora" ambazo wala si za huku

Wadau wa sarafu za kale someni hii kabla hamjamtumia mtu pesa. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp anauza visarafu vya shaba, anasema ni hela za Mjerumani zilizofukuliwa Tabora, adimu sana, moja laki tatu na hapunguzi. Mzee mmoja wa hapa mtaani kamlipa, mzigo ukaja kweli, akaniletea niangalie. Imeniuma sana, maana mzee anavipenda hivi vitu kwa moyo wote.

Sarafu yenyewe si feki, na hapo ndo watu wananasa. Ni pfennig 1 (kisenti cha zamani cha Wajerumani) ya Lippe, kale kafalme kadogo ka Ujerumani, ya mwaka 1858, ina ua la waridi upande mmoja na chini ya mwaka kuna herufi A. Sasa 1858 Mjerumani alikuwa na koloni gani huku? Kampuni yao ya Afrika Mashariki imeanza 1885 na sarafu zake za kwanza ni za 1890. Jamaa eti anajibu A ni Afrika! A ni kiwanda cha sarafu cha Berlin jamani, vifalme kibao vilikuwa vinapigiwa sarafu hukohuko.

Uongo mkubwa zaidi uko kwenye maandishi yaliyo kwenye sarafu, 360 EINEN THALER (thaler ni sarafu kubwa ya fedha ya Wajerumani wa enzi hizo). Anawaambia watu thamani yake ni thaler 360 kwa hiyo Ulaya wanainunua kwa mamilioni. Ni kinyume kabisa, zinatakiwa pfennig 360 ndo ipatikane thaler moja, na ile ya pfennig 3 imeandikwa 120, hesabu ileile. Ilikuwa chenji ndogo kuliko zote, na leo Ujerumani iliyochakaa namna hii unaipata kwa euro chache tu.

Halafu anazisugua. Ya mzee imekuja inang'aa pinki kama sufuria jipya, wakati shaba ya umri huo inatakiwa iwe kahawia au nyeusinyeusi, na ile rangi ndo mkusanyaji anailipia. Ukiigeuzageuza kwenye mwanga unaona mikwaruzo midogomidogo yote imelala upande mmoja, na kwenye pembe za herufi kumebaki unga mweupe wa dawa ya kusugulia. Ile rangi ya zamani hairudi tena.

Za huku zinajulikana. Sarafu zilizoitwa pesa, za 1890 mpaka 1892, zina tai upande mmoja na Kiarabu upande wa pili, heller za shaba (ndo hizo hela) za 1904 mpaka 1913 zina taji na DEUTSCH OSTAFRIKA, yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani, na heller 20 ya Tabora ya 1916 ina kifupi chake, D.O.A.

Sisemi pfennig za vifalme ni takataka, mi mwenyewe nazipenda mno, Lippe, Waldeck, Reuss, Schwarzburg, kila kamoja na ngao yake mpaka mark ya Ujerumani nzima ilipoingia miaka ya 1870. Ila zinunue kwa jina lake na kwa bei yake.

Jamaa anabadilisha namba ila picha ni ileile, sarafu juu ya kitambaa chekundu, upande mmoja tu. Mwombe picha ya pande zote mbili, anaku-block hapohapo. Na kama umeshalipa usifute meseji wala ujumbe wa muamala, nenda navyo polisi, mzee kashafungua kesi na anatafuta wenzake.