Simu Imekataa Memori Kadi au Flashi? Fomati Iwe ya Mwisho

Asalaam aleikum, hamjambo nyote. Karibuni tena mezani kwangu hapa Mombasa. Leo nina waya wa OTG, ule unaoiwezesha simu kusoma flashi, nina kadi rida ndogo ya Taipu C, yaani kifaa cha kusomea memori kadi, nina flashi yenye vichwa viwili, na hapa pembeni memori kadi za kila namna, halali na bandia. Nitavipitia na nitasema wazi pesa yako iende wapi. Ila nikudokeze mapema: kadi mpya siyo kitu cha kwanza nitakachokwambia ununue.

Tuanze na ule ujumbe unaowatoa watu jasho. Unashika simu, inakwambia kadi imeharibika, na chini yake kuna kitufe cha kufomati kinang'aa. Kidole kinakwenda chenyewe. Jamani, ngojeni kidogo!

Simu ikisema kadi imeharibika, haijaipima ikaona imekufa. Imejaribu kusoma ile orodha inayoonyesha faili gani iko wapi, ikashindwa kuielewa. Basi, hilo tu ndilo inalolijua. Huenda pini hazigusani vizuri. Huenda orodha ilivurugika kwa sababu kadi ilichomolewa ikiwa inaandikwa, au chaji iliisha katikati ya kurekodi video. Huenda pia kadi ni nzima kabisa, ila imefomatiwa kwa mfumo ambao simu yako haiujui. NTFS ya Windows inakataliwa na simu nyingi za Android, na exFAT nayo inakataliwa na simu nyingi za zamani za bei ya chini. Katika hali zote hizo picha zako kwa kawaida bado zimo ndani. Ukifomati, simu inaandika orodha mpya, tupu, na ile ya zamani unaipoteza. Kazi iliyokuwa ya kusoma tu inageuka kuwa kazi ya kuokoa.

Kwa hiyo zima simu, toa trei.

Sasa tazama hapa, nisogeze kamera. Hii ni microSD, nimeigeuza mgongo. Vile vipande vya rangi ya dhahabu ni vinane. Hiki cha pembeni kimefifia, na kwenye ncha kuna utando wa kijani. Nyinyi mnaokaa Mji wa Kale, Likoni au Nyali mnajua hewa yetu inavyofanya mabati na bawaba za milango. Chumvi na unyevu vinaingia kila mahali, na simu yenyewe inashinda mfukoni na jasho. Chukua raba ya penseli, ile nyeupe laini, sugua taratibu bila kukandamiza. Kisha pitisha pamba ya masikio yenye spiriti kidogo, uache ikauke kabisa. Usikwangue kwa kisu, usitumie msasa. Na usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu na unyevu Mombasa tunao wa kutosha. Ukirudisha, angalia kadi imelala sawasawa kwenye trei. Hizi trei za kuchagua kati ya laini ya pili na memori kadi, kadi hupenda kuteleza upande.

Ikiwa bado inakataa, hapa ndipo kadi rida inapoanza kula mshahara wake. Hii niliyo nayo ina Taipu C upande huu na USB ya kawaida upande ule, na matundu mawili: la SD kubwa na la microSD. Haitaki chaji, haitaki programu. Chomeka kadi yako ndani, halafu uichomeke kwenye simu ya ndugu yako au kompyuta ya saiba. Ikisomeka huko, kadi haina neno. Kama si ule mfumo ambao simu yako haiujui, basi tundu la simu yako ndilo gonjwa. Nakili vitu vyako, kisha mpelekee fundi simu, tena umwambie shida iko wapi badala ya kumwachia abahatishe. Isiposomeka popote, basi tumembana mwenye kosa: ni kadi.

Kasoro zake nazitaja pia. Mwili ni plastiki nyepesi, unapata moto ukihamisha video nyingi. Kifuniko hiki kidogo kitapotea, hilo nakuhakikishia. Tundu la microSD liko legelege, lazima usukume mpaka isikike "tik", la sivyo utadhani kadi imekufa kumbe haijaingia. Muuzaji atakusifia kwamba ni USB 3. Sawa, chukua, ila ukijua kwamba simu nyingi za bei nafuu tundu lake ni USB 2, ambayo kikomo chake ni megabiti 480 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye simu hiyo hutaona tofauti. Tofauti utaiona kwenye kompyuta.

Kompyuta ikiisoma kadi kwa shida, faili hii inafunguka, hii inagoma, nakili kwanza unachoweza. Baada ya hapo ndipo uendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua na kukarabati diski: fungua Command Prompt, andika chkdsk, herufi ya kadi na nukta mbili zake, kisha /f. Kukarabati nako ni kuandika juu ya kadi, ndiyo maana nasisitiza kunakili kwanza.

Na ukikuta folda inaitwa LOST.DIR, usiifute. Wengi huidhania virusi. Android ikikagua kadi iliyochomolewa vibaya, vipande vya faili vilivyopoteza majina inavikusanya humo. Hii hapa nimeifungua: ndani ni namba tupu, hakuna .jpg wala .mp4. Simu haijui ni nini, kwa hiyo haionyeshi chochote. Nainakili hii moja kwenye kompyuta, naongeza .jpg mwishoni mwa jina... umeona? Picha. Hii ya pili nayo... hapana, hii imekatika nusu, juu kuna sura za watu na chini ni kijivu kitupu. Utapata za aina zote mbili.

Kwa aliyekwisha kufomati: acha kuitumia kadi sasa hivi. Usipige hata picha moja. Kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec, ya kompyuta, haitegemei majina ya faili, inatafuta alama za faili zenyewe ndani ya kadi. Sura yake haivutii, maandishi matupu kwenye skrini nyeusi, lakini kazi inaijua. Unachookoa ukihifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ile ile. Hizi programu za kuokolea ndani ya simu yenyewe mara nyingi huishia kukupa vijipicha vidogo, halafu zinakudai pesa.

Kuna kesi moja ambayo kadi rida itakudanganya, na hii sikiliza vizuri. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, baadhi ya simu ukichomeka kadi zinakuuliza: itumike kama hifadhi ya kubebeka, au iwe sehemu ya hifadhi ya ndani? Ukichagua ya ndani, simu inaifomati upya na kuifunga kwa usimbaji, na ufunguo unabaki ndani ya simu ile ile. Ukiipeleka kadi hiyo kwingine, itasemekana imeharibika, na wala haijaharibika. Irudishe kwenye simu yake. Na ole wako uirudishe simu kwenye hali ya kiwandani kabla ya kuhamisha vitu, kwani ufunguo unafutika pamoja na kila kitu, na hapo hata fundi hodari wa Mwembe Tayari hana la kukufanyia. Mimi nasema chagua ya kubebeka. Nafasi ya programu utakayopata haifai hofu hiyo, na kadi ya polepole itaifanya simu nzima iwe ya polepole.

Haya, kadi bandia. Hii nyeusi imeandikwa TB 1, yaani GB 1000, na bei yake ilikuwa ya kutia shaka kabla hata sijaishika. Kadi za kweli za microSD za TB 1 zilitangazwa mwaka 2019, zipo, lakini hazitandazwi kando ya barabara kwa bei ya kava la simu. Kinachofanyika ni kwamba ubongo mdogo ulio ndani ya kadi umefundishwa kusema uongo. Simu ikiuliza nafasi, inajibiwa TB 1. Ni matatu ya abiria 14 iliyobandikwa kibao cha basi: wa kwanza wanakaa, wengine wanaandikiwa tiketi lakini viti hakuna. Faili zinaonekana zimeingia, jina lipo, ukubwa upo, ukifungua hakuna kitu. Au mpya zimekalia za zamani. Ndiyo maana mwenye kadi hii hagundui siku ya kununua. Anagundua baadaye, kadi ikianza kujaa kikweli.

Kipimo ni kimoja tu, kuijaza na kuisoma tena. Kwenye Windows tumia H2testw, kwenye Linux au Mac kuna F3, zote bure. Inachukua muda mrefu, iache usiku. Huna kompyuta? Nakili video ndefu mpaka uvuke nusu ya kadi, itoe, irudishe, kisha fungua za mwanzo na za mwisho. Muuzaji asiyekubali kurudishiwa kadi iliyofeli hapo, muache na kadi yake.

Lakini msiwaonee wauzaji bure. Kadi ya GB 64 kuonekana 59 na ushei kwenye Windows si wizi. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Na zile alama zilizoandikwa juu: V30 maana yake haishuki chini ya megabaiti 30 kwa sekunde ikiandika mfululizo, nzuri kwa video. A1 inahusu programu, angalau mara 1500 za kusoma na 500 za kuandika kwa sekunde, kwa vipande vidogo vidogo. Kwa picha na miziki huhitaji kuumiza kichwa, ila alama hizo mchapaji bandia naye anaweza kuzichapa, kwa hiyo tunarudi kwenye kipimo.

Kuna pia kadi inayofomatiwa, simu ikasema tayari, ukiitoa na kuirudisha zile faili ulizofuta ziko pale pale. Watu husema ina jini. Hapana, imezeeka na imejifunga isiandikwe tena, isomwe tu. Nakili vilivyomo uishukuru, hiyo haina dawa.

Twende kwenye flashi na OTG. Malalamiko ni yale yale: "nimechomeka, taa ya flashi inawaka, simu kimya." Kama simu yako ni OPPO, Vivo au Realme, ingia Mipangilio, tafuta neno OTG, uiwashe. Kwenye nyingi kati ya hizo inajizima yenyewe ikikaa dakika 10 bila kazi, kwa hiyo jana ilifanya kazi na leo haifanyi, na mtu anatupa flashi nzima. Kwa simu za tundu la zamani la micro-USB, waya lazima uwe wa OTG hasa. Ndani yake pini ya nne imeunganishwa na graundi, na hapo ndipo simu inapojua kwamba sasa yeye ndiye mkubwa, anapaswa kutoa umeme. Waya wa kawaida wenye kichwa cha kuchomekea flashi hautafanya hivyo hata uwe mzuri vipi.

Na diski kubwa ya nje, ile inayozunguka, simu nyingi haziiwezi. Utasikia inagonga gonga inajaribu kuwaka. Si imekufa, ina njaa ya umeme. Inataka habu, kile kigawanyio cha matundu ya USB, yenye chaji yake.

Upande wa pili, simu haionekani kwenye kompyuta: vuta arifa chini, utakuta imejiweka kwenye kuchaji tu, ibadilishe iwe kuhamisha faili. Usipoiona hata hiyo arifa, huenda waya wako ni wa chaji peke yake, nyaya mbili za data hazimo ndani. Nyaya hizo zimejaa mjini.

Flashi ya vichwa viwili, Taipu C huku na USB kule, naipenda kwa kuhamisha vitu, siipendi kwa kuweka vitu vya kudumu. Kubwa ni kuitoa kwa adabu: Mipangilio, Hifadhi, kisha alama ya pembetatu yenye mstari chini, subiri simu iseme unaweza kuchomoa. Memori kadi vile vile.

Kwa hiyo pesa yako, ukiniuliza mimi: kadi rida kwanza, kadi ya GB 64 au 128 kutoka duka lenye risiti pili, waya wa OTG kama simu ni ya tundu la zamani tu. Ile TB 1 ya barabarani, hata ukipewa bure kataa.

Nimalizie na swali la kaka yetu wa tuktuk: flashi yake inasoma kwenye simu vizuri, mawaidha na taarabu zote zinaonekana, redio ya tuktuk inasema hakuna kitu. Kaka, redio nyingi hazijui exFAT, zinajua FAT32. Flashi ya GB 32 kushuka chini, ifomati FAT32 kwenye kompyuta baada ya kunakili. Iliyozidi hapo, Windows kwa kawaida haikupi chaguo hilo, tumia programu ya Rufus, ni ya bure. Kumbuka tu FAT32 haibebi faili moja inayofika GB 4, ila kwa MP3 hilo halikuhusu. Zikishaingia na bado redio inaruka baadhi ya nyimbo, angalia kama hizo ni za M4A. Zigeuze ziwe MP3, zitapiga.