TAHADHARI: Unga wa "kusafisha utumbo" wanaouziwa wenye IBS

Ndugu zangu wenye IBS (tumbo linalouma mara kwa mara, pamoja na kufunga choo au kuharisha, bila vipimo kuonyesha ugonjwa), yule muuzaji wa makopo ya unga wa "kusafisha utumbo" amerudi. Kabadilisha jina na rangi ya lebo tu, unga ni ule ule. Msimpe hata senti!

Anavyowanasa watu ni hivi. Unaambiwa unywe vijiko viwili usiku, kwenye maji ya uvuguvugu. Alfajiri tumbo linanyonga, unakimbilia chooni, na kinachotoka kinatisha: kamba ndefu ya kijivu, inateleza kama ute, imejipinda kwa umbo la utumbo wenyewe. Unapiga picha, unamtumia huku unaona aibu, naye anajibu papo hapo: "Umeona? Huo ni uchafu wa miaka. Bado umo, chukua kopo la pili." Waliomwamini msiwacheke. Mtu vipimo vyake vyote vimerudi safi, tumbo bado linamtesa, halafu anaonyeshwa kitu kwa macho yake. Nani asingeamini?

Kamba ile ni unga wake mwenyewe! Soma maandishi madogo nyuma ya kopo: isabgol (maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi), udongo wa bentonaiti, majani ya sanamaki. Isabgol hunyonya maji ikawa ute mzito, udongo unaushikamanisha, utumbo mpana unaupa umbo. Koroga kijiko kimoja kwenye glasi ya maji, kiache nusu saa, uone "uchafu wa miaka" ukitokea humo humo kwenye glasi. Seli za juu za ukuta wa utumbo hujibadilisha kila siku 3 hadi 5, kwa hiyo hakuna ganda la miaka linaloweza kukaa hapo.

Mnyongo wa alfajiri ni sanamaki, ambayo huusukuma utumbo mpana baada ya saa 6 hadi 12. Mwenye kufunga choo anapata nafuu, choo kikigoma tena anarudi kununua. Mwenye IBS ya kuharisha ndiye anayeumizwa hasa: anapoteza maji na potasiamu, mwili unalegea, hata mapigo ya moyo yanaweza kwenda ovyo. Udongo nao unaweza kunasa dawa nyingine unazomeza, zisifanye kazi.

Kinachoudhi zaidi, isabgol peke yake inasaidia kweli. Nunua maganda matupu, anza na gramu 3 au 4 kwa siku kwenye glasi iliyojaa maji, kama mililita 240, kisha panda polepole hadi gramu 10 hivi. Usiimeze kavu, inavimba kooni. Mafuta ya mnanaa pia yanatuliza mnyongo, ila yawe kwenye kapsuli zenye gamba lisiloyeyuka kwenye mfuko wa chakula hadi zifike kwenye utumbo, mililita 0.2 mara tatu kwa siku, nusu saa kabla ya kula, bila kutafuna. Matone ya mnanaa anayouza yeye yanaishia kwenye mfuko wa chakula, unabaki na kiungulia.

Dalili za kumtambua tapeli huyu: hataji gramu za chochote, anaahidi kuponya kabisa, anakuambia uache dawa za daktari. Na ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu au kuhara kunakuamsha usiku, nenda hospitali.

Huyu mtu anamwambia mgonjwa anayetoa damu kuwa "ni sumu inatoka". Afunguliwe kesi! Afungiwe kabisa kuuza kitu chochote cha kumeza! Mwenye kopo lililobaki asilitupe, na meseji zake msizifute. Zipelekeni kwenye mamlaka ya dawa pamoja na lebo.