Bach wa Víkingur Ólafsson: tumia mega, lakini si kwa spika ya telefone

Nianze na jibu, juu najua wengi hamutafika chini: albamu ya piano ya Víkingur Ólafsson, yenye muziki wa Bach, yule mtunzi wa zamani wa Ujerumani, ile Deutsche Grammophon walitoa 2018, ni nzuri sana, pakua bila kuogopa mega za intaneti, ila usiisikilizie kwa spika ya telefone vile tunafanyaka na vijana wa korali, besi yote inapotea unabakia na kelele za juu tu. Tafuta bafle, yaani spika kubwa, ao basi vile vya kuweka masikioni.

Jamaa ni mpiga piano wa Iceland. Humo ndani kuna vipande Bach mwenyewe aliandikia klavesini, ile ndugu ya zamani ya piano, lakini mimi nilifuata transkripsio, yaani muziki wa kinanda cha kanisa, wa violini, wa kantata, ambao watu waligeuza uingie kwenye mikono miwili ya piano. Huku Bukavu ukisema hivyo hakukosi mtu wa kukuambia ni kuharibu kazi ya mzee, Bach aachwe vile alivyo. Haya, huyo mpigie konseto BWV 974 (BWV ni namba ya orodha ya kazi za Bach), iko humo humo. Asili yake si Bach, ni konseto ya oboe ya Alessandro Marcello, Bach njo aliichukua wakati yuko Weimar akaishusha kwa klavesini peke yake na mapambo akaongeza. Sasa aliharibu? Na mpiga piano wetu wa misa ya kwanza, siku tenori hawakuja anabeba sauti zao kwa vidole vyake, yeye anafanya nini?

Ile Adagio ya konseto hiyo, sehemu yake ya polepole, peke yake inalipa mega zote. Mkono wa kushoto unarudiarudia akodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, mpigaji mbaya anazigonga kama mtu anabisha mlango, lakini huyu anaziweka chini kabisa, karibu hazina uzito, halafu wimbo unapita juu yake bila haraka, na kila pambo linasikika kama limekuja lenyewe.

Kuna pia prelidi, kipande kifupi, ya Siloti, kwa toni ya “si mineri”. Alexander Siloti alisoma kwa Liszt, mpiga piano mkubwa wa zamani, na alimfundisha mtunzi Rachmaninoff ambaye ni binamu yake. Alichukua prelidi ndogo ya Bach, akaihamisha toka toni ya “mi mineri”, akabadilisha mikono, zile noti za kukimbia zikaenda kulia na akodi zikaenda kushoto. Ujanja uko kwenye kurudia: mara ya kwanza unasikia mkono wa kulia unatiririka tu, ya pili inajitokeza sauti katikati, kwenye mkono wa kushoto, na kumbe ilikuwa pale tangu mwanzo. Wapigaji wengi hapo wanaisukuma hiyo sauti kwa nguvu ili ujue wameiona. Ólafsson anaiacha ikujie. Mimi napenda hivyo, ingawa kuna rafiki yangu anasema ni baridi, hana roho, tumebishana mpaka tumechoka.

Andante ya sonata ya kinanda cha kanisa BWV 528, iliyogeuzwa kwa piano na August Stradal, naye mwanafunzi wa Liszt, iko vizuri vilevile. Gavoti, yaani dansi ya Bach iliyogeuzwa na Rachmaninoff, inapita haraka, tamu, basi.

Lawama sasa. Vipande ni vifupifupi na viko vingi, unaanza kuzama kimeisha kimekuja kingine, ukiwa na delestaji, umeme umekatwa, na telefone iko kwa asilimia kumi na mbili utachoka kubonyeza. Na kubwa zaidi, Chaconne, kile kipande kirefu cha Bach cha violini moja, hakuna! Umetengeneza albamu yenye transkripsio za Bach na unaacha ile mpiga piano Busoni alitoa kwa violini akaifanya kwa piano kama okestra nzima? Kwa hiyo nenda kwa mpiga piano Hélène Grimaud, albamu yake ya Bach ya 2008, anaipiga kwa moto kweli, mahali pengine moto umezidi lakini haulali. Na ukiwa mtu wa kupenda mambo ya pekee, tafuta Chaconne hiyo vile mtunzi Brahms aliigeuza, aliiandika kwa mkono wa kushoto tu, alimtumia mpiga piano Clara Schumann. Ile ni kavu, karibu na violini yenyewe kuliko ya Busoni, na mimi nikiambiwa nichague moja nabakia na ya Brahms.

Kwa wapiga piano wa parokia: Siloti mnaiweza, si ngumu ya vidole, lakini bila pedali usijaribu, akodi zitakatika na ile sauti ya katikati hutaipata.