Medigap au Medicare Advantage kwa mzazi anayefikisha miaka 65 Marekani?

Medicare ni bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee. Medigap ni bima ya nyongeza juu yake; Advantage ni mpango wa kampuni binafsi unaokupa Medicare yako kwa njia yake. Kwa ada ya kila mwezi, Advantage ndiyo nafuu. Mipango mingi haiongezi kitu juu ya ada ya Sehemu B (ile ya Medicare inayolipia madaktari na matibabu bila kulazwa), na mara nyingi dawa, meno na miwani vimo humo humo. Utalipa ukiugua: kidogo kidogo kila ziara, hadi kikomo cha mwaka. Medigap unailipia hata ukiwa mzima kama kigongo, kisha inabeba sehemu kubwa ya ile asilimia 20 ya gharama ambayo Medicare inakuachia. Dawa unazikatia bima yake kando, iitwayo Sehemu D.

Kwenye kuchagua daktari, Medigap haina mpinzani: yeyote anayepokea Medicare. Advantage ina orodha yake, na vibali vya kusubiri kabla ya baadhi ya matibabu. Tena kama mama huenda Mombasa kila Desemba, Medigap G, mmoja wa mipango ya Medigap, hulipa asilimia 80 ya matibabu ya dharura ughaibuni baada ya dola 250 za kwanza, ndani ya siku 60 za safari, kikomo dola 50,000 maishani.

Jambo linalosahaulika: miezi 6 ya kwanza ya Sehemu B baada ya kufikisha 65, Medigap haikuulizi maradhi. Baadaye, katika majimbo mengi, unaweza kukataliwa.

Dalali huru humlipi wewe; kamisheni hutoka kwa kampuni za bima. Basi muulize anauza za kampuni zipi. Mzee mwenye afya njema na kipato kidogo, na daktari wake yumo kwenye orodha, aanze na Advantage. Mwenye kisukari na safari nyingi apige kwanza hesabu ya Medigap.