GitHub tangu inunuliwe na Microsoft, kwa sie developa wadogo wa Lamu

GitHub, ule mtandao wa kuweka kodi za programu, ya sahii ni nzuri kuliko ile ya kabla ya Microsoft, na anaebisha atwambie zamani alikua akilipa ngapi. Manake kabla ya 2019 ukitaka ripo (folda la mradi wako) ya siri utoe dola 7 kila mwezi, na mie natengeneza vijimfumo vya kubuki vyumba vya gesti za Shela na hapa Langoni, mteja hataki kazi yake ionekane na kila mtu, na yeye mwenyewe hulipa akipata wageni, sasa hizo dola zatoka wapi msimu wa mvua gesti nusu zimefungwa? Januari 2019 wakafanya ripo za siri bure, mwisho watu watatu kwa ripo, Aprili 2020 hata hao watatu wakaondoa wakasema leteni timu nzima. Hapo sina neno.

Na kelele zilikuwepo bana. Juni 2018 ilipotangazwa Microsoft yainunua kwa dola bilioni 7.5 watu walihamisha ripo zao GitLab, mshindani wake, wakikimbia, si ndo Microsoft ile ile ambayo bosi wake Steve Ballmer mwaka 2001 aliita Linux, mfumo wa kompyuta wa bure, saratani.

Kitu nnachokipenda zaidi ni Actions, huduma yao ya kutesti na kujenga programu yenyewe, iliyokuja baada ya hapo. Nakaa pale Mkunguni na bando la simu, napushi (natuma) mafaili yangu yasofika hata megabaiti moja, nafunga laptopu naenda zangu kuswali, huku seva zao ndo zashusha malaibrari yote na kutesti na kujenga, nikirudi nakuta tiki ya kijani au eksi nyekundu na mstari wenyewe ulokosea. Bando halijaguswa! Dakika 2000 kwa mwezi bure kwa ripo za siri, na za wazi hazihesabiwi.

Sasa yanayonikera. Copilot, AI yao ya kusaidia kuandika kodi, ilifunzwa kwa kazi za watu zilizowekwa wazi, wengine kwa leseni zinazotaka mwandishi atajwe, kisha 2022 ikaanza kuuzwa dola 10 kwa mwezi. Novemba ya mwaka huo wakashtakiwa California. Kazi ya watu wauziwa wenyewe tena, haya. Atom nayo, edita yao wenyewe ya kuandikia kodi ilopendwa, wakaizima Desemba 2022 manake VS Code, edita ya Microsoft, ipo.

Na hili la Agosti 2025 ndo kubwa kwangu mie. Thomas Dohmke, mkuu wa GitHub, alitangaza anaondoka, na mkuu mpya hakuwekwa, GitHub ikatiwa ndani ya kitengo cha AI cha Microsoft. 2018 walisema itajiendesha yenyewe. Basi.

Kuhama si kugumu kama watu wasemavyo, ila si kurahisi vile. Git, programu inayotunza historia ya kodi na ndo msingi wa GitHub, si yao, ilianzishwa na Linus Torvalds 2005, historia yote iko kwenye laptopu yako, wapushi kwengine dakika moja. Yanayobaki nyuma ni mazungumzo ya issues (matatizo na maombi watu walioandika) na zile faili za Actions, kwengine lazima uzifanyie kazi upya. Ndo mana mie maamuzi ya maana nayaandika ndani ya ripo yenyewe, faili la kawaida, na kopi ya pili naweka pengine.

Nyota nne. Anaeanza leo aanze hapo. Copilot ya bure ipo tangu Desemba 2024, kwa kazi za gesti yatosha, ya kulipia siinunui.