Akiolojia na fidla jioni moja: Boma la Iringa au Isimila?

Waandaaji wa jioni za mihadhara ya akiolojia na muziki wa fidla hurudia swali lile lile: tukae Boma, jengo la enzi za Wajerumani mjini Iringa ambalo sasa ni makumbusho, au tuwapeleke watu Isimila, eneo la Zama za Mawe kilomita 20 hivi kutoka mjini kwenye barabara ya Mbeya?

Kwa gharama, Boma ni nafuu. Wengi hufika kwa miguu au bajaji. Isimila inadai basi la kukodi, viti, maji na pengine jenereta, ambayo iwekwe mbali, upande upepo unakoelekea, la sivyo muungurumo wake utafunika sello, ala kubwa ya jamii ya fidla yenye sauti nzito.

Sauti ndiyo inayoamua mengi. Fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo) na sello hutegemea kuta zirudishe sauti. Uwanjani sauti hupotea baada ya safu chache, upepo wa kiangazi hupeperusha karatasi za noti (vibanio vya nguo ni lazima), na jua likipiga ala, nyuzi hulegea na gundi inaweza kuachia. Wapigaji wakae kivulini.

Lakini kwa mhadhara, Isimila haina mpinzani. Mashoka ya mawe yamelala palepale korongoni, na msikilizaji huziona tabaka za udongo anazotajiwa. Hakuna picha ya projekta inayofikia hapo. Wageni waonywe wasiokote jiwe: likihamishwa, ushahidi wa mahali lilipolala umepotea.

Wenye wazee, au tarehe kati ya Desemba na Aprili mvua zikinyesha, waende Boma. Darasa la wanafunzi mwezi Julai liende Isimila kuanzia saa 9 alasiri, kwa fidla moja na sello tu. Wabebe makoti, Iringa jioni hukaza baridi.